Roboti la vita la ghorofa sita? Uliza Kasigau kwanza

Ubishi ulianzia Voi, kwenye banda la muvi, pale stima ilipopotea katikati ya pigano. Kwenye skrini kijana wa rika lako alikuwa ameketi ndani ya kifua cha roboti refu kuliko jumba lolote la mji wetu, anang'oa vifaru kama mtu anayeng'oa mihogo. Kisha giza. Tukabaki wasee sita kwenye benchi, jasho linatutoka, tunabishana: jeshi lenye maroboti kama hayo lingeshindwa na nani?

Mimi nilikuwa upande wa roboti. Nikuambie ukweli, nimekuwa upande wa roboti tangu darasa la nne. Ndilo lililonisukuma kusomea uhandisi wa mitambo, kozi niliyoiaga mwaka wa pili karo iliponishinda. Kwa hivyo nililitetea kama wakili aliyelipwa vizuri.

Wiki hiyo hiyo nilienda Rukanga kumwona nyanya. Kama hujafika, unashukia Maungu kwenye barabara kuu ya Mombasa, unaiacha lami, kisha unakula vumbi jekundu mpaka Mlima Kasigau unakuzibia mbele. Jioni nikamwonyesha nyanya ile muvi kwenye simu. Alitazama kimya hadi mwisho, akanirudishia simu, akauliza swali moja tu.

"Na hilo dude, mjukuu wangu, nani analibebea maji?"

"Nyanya, ni mashine. Halinywi maji."

"Hata treni ilikuwa mashine," akasema. "Na ilikunywa."

Nikacheka. Usiku sikupata usingizi. Ndiyo sababu unasoma makala haya.

Hesabu ya unyayo

Tuanze na mwili wenyewe. Chukua mtu wa kawaida, urefu mita 1.8, uzito kilo 70. Mkuze mara 10. Sasa ana mita 18, kimo cha Gundam, lile roboti maarufu la katuni za Kijapani. Ni kama jengo la ghorofa sita hivi.

Ungedhani uzito nao umepanda mara 10. Wapi! Amekua mara 10 kwa urefu, mara 10 kwa upana na mara 10 kwa unene. Zidisha: ni mara 1,000. Kilo 70 zimekuwa tani 70. Lakini unyayo una urefu na upana tu, kwa hivyo umeongezeka mara 100. Maana yake, kila sentimita ya mraba ya unyayo wa jitu hilo inabeba mzigo mara 10 kuliko unavyobeba wewe. Goti vilevile. Nyonga vilevile.

Tani 70 si ajabu kwa chuma cha vita. Kifaru cha Marekani cha Abrams kinakaribia hapo. Lakini kifaru kimelala chini, uzito wake umetandazwa juu ya minyororo miwili mirefu na mipana. Roboti linalotembea, kila hatua, kuna nukta ambapo tani zote zinasimama juu ya mguu mmoja. Sasa lilete hapa kwetu mvua za Novemba zikinyesha, barabara ya Kasigau imegeuka uji. Litazama.

Mtazame ndovu wa Tsavo, jirani yetu. Dume kubwa lina tani kama sita tu. Maumbile yamelipa miguu minne iliyonyooka kama nguzo, na bado haliwezi kuruka hata inchi moja. Wakati wa kiangazi husikia ndovu amenaswa kwenye tope la bwawa, watu wanaita trekta na kamba? Huyo ni wa tani sita, mwenye miguu minne na akili ya kuzaliwa nayo.

Halafu kuna kuanguka. Rubani anaketi kifuani, au kichwani, mita kumi na kitu kutoka ardhini. Mtego mmoja mguuni, jiwe moja baya, jitu linalala kifudifudi. Kitu kinachoanguka kutoka mita 15 kinafika chini kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Adui hahitaji kutoboa chuma chako. Anahitaji ujikwae tu.

Waliojaribu

Usiseme hakuna aliyejaribu. Miaka ya 1960 jeshi la Marekani lililipa kampuni ya General Electric itengeneze gari la miguu minne, kazi iliyoongozwa na mhandisi Ralph Mosher. Dereva alikaa ndani, mikono yake ikiongoza miguu ya mbele na miguu yake ikiongoza ya nyuma. Lilitembea kweli, likapanda magogo. Shida ilikuwa dereva. Kuwaza miguu minne kwa pamoja kulimchosha upesi mno, mradi ukawekwa kando.

Baadaye kampuni ya Boston Dynamics ikaunda punda wa chuma wa kuwabebea askari mizigo milimani. Huyo hakuwa na rubani. Alitembea vizuri, akainuka alipoanguka. Mwaka 2015 Wanamaji wa Marekani walimrudisha stoo kwa sababu ya kinyumbani kabisa: injini yake ilikuwa na kelele. Hebu fikiria unamnyemelea adui ukiwa na posho mill nyuma yako.

Na yale ya kukaliwa na mtu je? Mwaka 2012 Wajapani walitoa Kuratas, mita 4 hivi. Mwaka 2017 likapigana na roboti la kampuni ya Kimarekani ya MegaBots, pigano lililorekodiwa na kuwekwa mtandaoni. Nililingoja pigano hilo kama fainali ya Kombe la Dunia. Ukiliangalia leo utaona jambo ambalo mimi sikutaka kuliona wakati ule: hakuna aliyetembea. Moja lilikuwa na magurudumu, jingine minyororo kama tingatinga. Archax, la mwaka 2023, lina mita 4.5, uzito wa tani 3.5, bei karibu dola milioni 3, na mwendo wake wa juu ni kilomita 10 kwa saa. Bodaboda wa Maungu akiwa na abiria wawili na gunia la makaa anakupita huku anakupungia mkono.

Lile Gundam la mita 18 lilijengwa kweli, Yokohama, likafunguliwa kwa watazamaji Desemba 2020. Lilipiga magoti, likanyoosha vidole. Lakini mgongoni lilikuwa limeshikiliwa na mhimili, na halikuwahi kwenda popote. Machi 2024 maonyesho yakafungwa.

Sasa turudi kwa swali la nyanya, maana hapo ndipo Kasigau inaingia.

Treni iliyokunywa maji

Vita Vikuu vya Kwanza vilifika kwetu mapema. Agosti 1914 Wajerumani walivuka mpaka kutoka upande wa Moshi wakaiteka Taveta. Waingereza nao walikuwa na roboti lao la wakati ule: treni. Usicheke. Kwa mtu wa 1915, injini ya mvuke yenye mabamba ya chuma na bunduki za rasharasha ilikuwa ndiyo Gundam. Reli ya Mombasa kwenda Uganda ndiyo iliyobeba kila kitu, askari, risasi, unga. Mwaka 1915 wakaanza kunyoosha tawi jipya kutoka Voi kuelekea Maktau, kwenda kuwafuata Wajerumani huko huko.

Lakini treni ya mvuke bila maji ni sufuria kubwa. Na hii nchi yetu, kati ya reli na mpaka, ni nyika kavu, miiba na jua. Ilibidi maji yatafutwe, yavutwe kwa mabomba, yalindwe. Kila tangi na kila daraja likahitaji walinzi. Mashine moja kubwa ikazaa kazi ndogo ndogo elfu moja.

Wajerumani hawakuleta treni kubwa zaidi. Walituma watu kwa miguu, vikundi vidogo vya maafisa wachache, askari Waafrika na wapagazi. Walivuka nyika usiku, baruti mgongoni, wakilenga sehemu yoyote ya reli isiyo na mlinzi. Wengine walikufa kwa kiu. Waliofika waliweka baruti chini ya reli, wakafukia, wakaondoka.

Waingereza wakawa wajanja. Wakaanza kutanguliza mabehewa yaliyojazwa mchanga mbele ya injini, ili baruti ilipuke chini ya mchanga. Unajua Wajerumani walifanya nini? Wakatengeneza viwashio vilivyongoja. Mabehewa ya kwanza yanapita salama, kisha injini yenyewe inafika, ndipo mlipuko. Mchezo huo ndio unaochezwa hadi leo, kila penye mashine ya bei ghali inayolazimika kupita njia moja. Baada ya majeshi yetu kuingia Somalia Oktoba 2011 tulijifunza tena somo hilo kwa uchungu. Mvua ilikwamisha magari kwenye tope, na baadaye mabomu yaliyofukiwa barabarani yakaua vijana wetu ndani ya magari ya deraya.

Kasigau ilitakiwa na pande zote mbili kwa sababu nyepesi. Mlima huu una urefu wa mita 1,641, umesimama peke yake katikati ya tambarare, una maji, na kutoka juu unaona mbali. Aliyeushika angeweza kuifikia reli na kurudi. Waingereza wakaweka kambi hapa. Mwaka 1915 Wajerumani wakaishambulia. Nitarudi kwenye hilo, maana kilichofuata ndicho hasa nilichotaka kukuambia.

Kilima kilichopigwa bure

Kwanza twende Salaita, kilima kidogo kabla hujafika Taveta. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza walikishambulia wakiwa na maelfu ya askari, wengi wao makaburu na vijana wengine wa Afrika Kusini waliokuwa wamefika juzi tu. Walikuwa na mizinga, ndege za upelelezi na magari ya deraya ya Rolls-Royce. Wajerumani walikuwa wachache zaidi.

Mizinga ilikitwanga kilele cha kilima vilivyo. Tatizo, watu hawakuwa kileleni. Walikuwa wamechimba mahandaki chini, kwenye vitako vya kilima, wamejificha vichakani. Baruti yote iliishia kwenye mawe. Vijana waliposogea karibu wakakutana na risasi usawa wa goti, na kabla ya jua kutua walikuwa wamerudi nyuma. Si kwa mpangilio.

Kama unataka kujua kwa nini jeshi halitajenga roboti la ghorofa sita, Salaita inatosha. Kinachoonekana hupigwa. Mwenye akili hulala chini. Kifaru cha Abrams kina kimo cha mita 2.5 hivi, na makamanda bado wanaona kimo hicho ni kirefu mno. Wewe unataka kuwaletea mita 18? Na mwili wenye mikono, miguu na shingo una ngozi nyingi ya kufunika kuliko sanduku. Ukigawa chuma kilekile sehemu zote hizo, kinakuwa chembamba kila mahali.

Utaniambia, sawa, lakini silaha za 1916 si za leo. Kweli. Za leo ni mbaya zaidi kwa jitu lako. Huko Ukraine droni ndogo za bei ya simu nzuri zimeteketeza vifaru vya mamilioni ya dola. Droni inatafuta kitu kikubwa, chenye moto, kinachotembea polepole. Umeishaijengea.

Na kama ni ukubwa, tuna hadithi yetu ya nyumbani. Septemba 2008 meli ya MV Faina ilikuwa njiani kuja Mombasa na vifaru 33 aina ya T-72. Kila kimoja kina tani zaidi ya 40. Vijana wa Kisomali kwenye mashua ndogo, wana bunduki na ngazi, wakaiteka. Vifaru vyote 33 vilikaa baharini miezi zaidi ya minne mpaka fidia ya mamilioni ya dola ikalipwa, Februari 2009. Chuma kile hakikuweza kujitetea, kwa sababu safarini kifaru ni mzigo tu. Roboti lako nalo litasafiri kwa meli, kwa treni, kwa lori. Halitatembea kutoka Mombasa hadi Taveta, magoti yataisha njiani. Na likifika, nani ana spea?

Aliyebeba

Hapo ndipo jibu la nyanya lilipo. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza lilipovuka kwenda Tanganyika, mashine zikaishia njiani moja moja. Magari yalikwama. Farasi na nyumbu walikufa maelfu kwa maelfu, wakiumwa na mbung'o. Upande wa Wajerumani, manowari yao Königsberg ilikuwa imezamishwa Rufiji Julai 1915, lakini mizinga yake 10 ikatolewa ndani ya maji, ikaburutwa bara kwa nguvu za watu. Mmoja uko Fort Jesus. Siku ukienda Mombasa usipige selfi tu. Shika chuma kile, kisha jiulize mabega mangapi yalipita chini yake.

Vita vile vilibebwa kichwani. Waingereza waliandikisha mamia ya maelfu ya wapagazi, wengi kwa lazima, kila mtu na mzigo wa kilo kama 25. Kikosi chao ndicho kilichotuachia majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Hesabu rasmi zinataja waliokufa zaidi ya 40,000. Wanahistoria wengi wanasema idadi halisi ni kubwa zaidi, huenda karibu 100,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, nimonia, unga mbovu na kuchoka. Pale Kenyatta Avenue jijini kuna sanamu tatu za shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Pengine umempita mara mia ukikimbilia matatu.

Kwa hivyo nyanya hakuuliza swali la kishamba. Aliuliza swali ambalo kila afisa wa jeshi huulizwa kabla ya kununua chochote: nani analisha, nani anabeba, nani anatengeneza? Kifaru kimoja cha kisasa tayari kina msafara nyuma yake, lori la mafuta, lori la risasi, mafundi, winchi. Jitu la miguu miwili lenye viungo mia vya haidroliki lingehitaji kijiji kizima.

Wacha nilitendee haki. Miguu ina maana yake. Bungule na Makwasinyi kuna njia ambazo gurudumu halipiti, mbuzi anapita. Mashine ndogo za miguu minne sasa zinatumika kuchungulia mabomu na kuingia kwenye majengo hatari. Lakini ona mambo mawili: ni ndogo, na hakuna mtu ndani. Vita vinakwenda upande huo, chuma kinapungua na rubani anakaa mbali. Roboti letu la muvi ni kubwa na lina mtu kifuani. Limekosea njia zote mbili.

Waliolipa

Nilisema nitarudi Kasigau 1915.

Wajerumani walipoishambulia kambi, Waingereza waliaibika. Dola yenye reli, mizinga na treni ya chuma ilikuwa imepigwa na watu waliokuja kwa miguu. Lazima apatikane mwenye makosa. Wakawageukia wenyeji, wakasema Wakasigau ndio waliowaonyesha Wajerumani njia. Hawakumkamata mtu mmoja au wawili. Waliuondoa umma mzima kutoka kwenye mlima, wazee na watoto, wakaupeleka Malindi.

Watu wa mlimani, wenye hewa baridi na chemchemi, wakatupwa kwenye joto la pwani bila mashamba. Wengi walikufa huko. Vita viliisha 1918 na bado hawakurudishwa Kasigau. Ilipita miaka mingi, hadi miaka ya 1930, ndipo wakaruhusiwa kupanda tena mlima wao. Mama yake nyanya alichukuliwa akiwa msichana mdogo. Alirudi mtu mzima, na wadogo zake wawili hakurudi nao.

Nyanya alinieleza hayo asubuhi, anachambua kunde, bila kuinua sauti. Mimi nilikuwa nimekuja na mahesabu ya magoti na tani. Nikayaweka kando.

Nadhani kinachotuvutia kwenye roboti ni ile nafasi ya kifuani. Sisi vijana wa hapa hatujazoea kushika usukani wa kitu chochote kikubwa. Unatazama muvi na unajiona wewe ndiye rubani, juu, salama, dunia yote iko chini ya miguu yako. Mimi bado najiona hivyo, siwezi kukudanganya, na wasee wa banda wakiweka sehemu ya pili nitakuwa benchi la mbele. Ila siku hizi jitu likikanyaga mtaa wa watu mimi huangalia chini ya unyayo. Huko ndiko tulikokuwa sisi 1915.

Nilipoaga, nikamwambia nyanya nimepata jibu lake: hakuna wa kulibebea maji, kwa hivyo halitajengwa.

"Watapata wa kubeba," akasema. "Siku zote huwa wanapata. Ndiyo maana nakuuliza wewe."